Wino Kwenye Mizani ya Sonara

Watu wa mtaa ule walimwita Mama Mizani ingawa hakuwa na mtoto. Umama huo alipewa na mizani yenyewe. Bucha lake ndilo pekee ambalo mteja aliruhusiwa kuzunguka kaunta, akainamia kipimo na kujisomea mwenyewe. Mfupa ukizidi aliutoa, akakata mnofu mwingine. Na mtu akimwambia, "Dada, funga tu, mimi nakuamini," alinuna, kwa sababu yeye hakuwa anauza imani, alikuwa anauza nyama.

Sasa mwanamke wa namna hiyo mpe printa ya nyumbani na katriji zake za wino, halafu kaa pembeni utazame.

Printa ililetwa na kaka yake. Kaka huyo alikuwa mtu wa ofa. Akiona neno hilo limebandikwa kwenye kioo cha duka, miguu inaingia yenyewe kabla hajauliza kinachouzwa ni nini. Siku hiyo alifika na boksi begani, jasho linamtiririka, meno yote nje.

"Dada, nimeipata kwa bei ya kutupa! Inachapa rangi, inatoa nakala, inapiga picha ya karatasi. Wewe itie umeme tu."

Walimshukuru, tena kwa dhati. Printa ilihitajika mno katika nyumba ile, na aliyeihitaji alikuwa mama yao.

Mama yao alikuwa amekula chumvi nyingi, na sehemu kubwa ya chumvi hiyo aliilia katika kiwanda cha uchapaji, akiwa msahihishaji. Yeye ndiye aliyesoma kurasa kabla hazijawa kitabu, kalamu nyekundu mkononi, akikamata makosa ambayo mwandishi na mhariri wameyapita kama hawayaoni. Alipostaafu, kampuni moja ya vitabu vya shule iliomba aendelee kuwafanyia kazi akiwa nyumbani. Akakubali kabla hawajamaliza kuomba.

Tatizo lilikuwa macho. Daktari alishamwambia waziwazi kwamba yatapungua taratibu na hakuna dawa ya kuyarudisha, ila akisoma herufi kubwa kwenye taa nzuri atakwenda nayo miaka mingi. Kioo cha kompyuta kilimtoa machozi. Kwa hiyo utaratibu ukawa huu: mhariri anatuma kurasa kwa barua pepe, binti anazikuza herufi na kuzichapa asubuhi kabla ya kwenda buchani, mama anasahihisha mchana, na binti anazirudisha mwenyewe kwenye kampuni.

Usidhani ilikuwa kazi ya kumpotezea bibi muda. Siku zenye kurasa, mama aliamka mapema, akaoga, akavaa gauni la kutokea na hereni juu, akaketi mezani kama yuko ofisini. Jioni alikuwa na hadithi. "Leo nimemkuta punda ana miguu mitano kwenye kitabu cha hesabu," anasema, "na mhariri kamwachia aende zake!" Halafu anacheka mpaka anakohoa. Siku zisizo na kurasa alishinda na kanga ya kulalia, akiuliza saa ngapi. Mama Mizani aliona tofauti hiyo, ikamkaa moyoni. Kitu alichokiogopa kuliko ugonjwa wowote ni siku ambayo kampuni itasema basi.

Ndiyo maana wino ulipoisha mara ya kwanza, tena kabla hata kitabu kimoja hakijafika katikati, alivua aproni akaenda dukani mbio.

"Katriji nyeusi na za rangi," alimwambia muuzaji.

Muuzaji akamtajia bei. Mama Mizani akadhani hakusikia vizuri.

"Sijasema printa. Nimesema wino."

"Ndiyo bei ya wino hiyo, mama."

"Mbona inakaribia bei ya mashine nzima?"

"Mashine ilikuwa kwenye ofa," alisema muuzaji, bila hata haya usoni.

Hapo damu ikaanza kumchemka, na sioni wa kumlaumu. Kumbe ile printa haikuuzwa, ilitegwa! Unapewa mashine kwa bei ya kutupa, unaipeleka nyumbani ukicheka, ukishaizoea ndipo unaanza kuilipia, na utailipia mpaka uzeeke. Kaka mtu aliposimuliwa alisema labda wanunue katriji ya kampuni nyingine, ya kuagiza, ya bei nafuu. Wakaagiza. Printa ikaikataa. Ikaandika kwenye kioo chake kidogo kwamba haiitambui, kama bawabu wa hoteli.

Alinunua ile halali, akalipa, akameza mate. Lakini hayo yote yalikuwa utangulizi. Vita kamili ilianza siku ya njano.

Asubuhi hiyo alikuwa na kurasa za kuchapa, zote maandishi meusi matupu. Wino mweusi ulikuwepo. Akabonyeza. Printa ikaguna, ikakohoa, ikaandika: wino wa njano umeisha, badilisha. Akabonyeza tena. Njano. Akaizima akaiwasha. Njano.

"Nani kachapa njano?" alifoka peke yake sebuleni. "Nani humu ndani kasoma njano?"

Fundi kompyuta wa mtaa wa pili alimweleza kwamba ndivyo ilivyotengenezwa, kwamba huchanganya rangi zote hata katika mweusi, na kwamba kila ikiwashwa hujisafisha kwa wino uleule. Mama Mizani alimsikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Kwa hiyo ni sawa na mimi nimwambie mteja wa maini, samahani, leo sikuuzii maini kwa kuwa mkia umeisha. Na maini yananing'inia hapo anayaona!"

"Sasa mama, mimi sikuitengeneza," alisema fundi.

"Ungeitengeneza wewe tungekuwa polisi muda huu."

Kurudi nyumbani akaichomoa ile katriji inayodaiwa kuwa tupu, akaitikisa sikioni. Akasikia kitu kinacheza ndani. Mtu mwingine angeitupa. Yeye aliitia kwenye mfuko wa nailoni, akapitiliza moja kwa moja hadi kwa sonara, jirani yake wa ukuta kwa ukuta pale sokoni, kwa sababu mizani ya bucha haina habari na vitu vidogo kama hivyo.

"Nipimie hii na hii," alisema, akaweka mezani katriji tupu na nyingine mpya aliyokuwa ameshalazimika kuinunua.

Sonara alimtazama juu ya miwani. "Shoga yangu, hapa nimepima pete za ndoa mpaka meno ya marehemu. Wino ndiyo mara ya kwanza."

Alipima. Kisha wakaipasua ile tupu kwa kisu cha bucha, wino ukaruka mpaka kwenye aproni, njano tupu, wakaifuta ndani kwa pamba na kulipima tena ganda. Mama Mizani aliona kwa macho yake kwamba kile alichoambiwa kimekwisha hakikuwa kimekwisha. Na hata ile mpya, ukiondoa ganda lake, kilichobaki ndani ni matone ya kumdanganyia mtoto dawa.

Alitoka pale kama aliyetukanwa. Wiki nzima wateja wake hawakununua nyama kwa amani. Kila aliyeinamia mizani alipewa habari ya wino. "Mimi nikikupunguzia kipande cha mafuta mnaniita mwizi, mnaniletea watu wa vipimo na mihuri yao. Wale wanauza boksi la hewa, mnawaita kampuni!" Wateja waliitikia kwa vichwa na kuomba chenji zao.

Akaapa kwamba hawatamla tena. Alikaa mbele ya kompyuta, akafungua kila kidirisha kinachohusu printa, hata vile alivyoonywa asiguse, mpaka akakuta mahali palipoandikwa kuokoa wino. Akatia alama ya vema. Akachapa kurasa za siku kadhaa, akachomoa katriji, akaipeleka kwa sonara. Uzito ulikuwa umepungua kidogo sana, chini ya nusu ya ulivyozoea kupungua. Alipiga makofi dukani kwa watu mpaka sonara akaona aibu kwa niaba yake.

Tangu hapo ikawa desturi. Kila akipita kwenda sokoni katriji imo mkobani, sonara anapima, Mama Mizani anatabasamu. Karatasi zenyewe alizitupia jicho. Maandishi yake yalikuwa ya kijivu badala ya meusi, naam, lakini yeye alizisoma bila taabu, akaziweka mezani kwa mama, akaenda zake kukata nyama. Wino aliupima kila wiki. Maandishi hakuyapima na kitu.

Mama hakuambiwa. Hakuwahi kuambiwa hata bei ya wino, kwa maana angeisikia angesema kazi na iachwe, yeye si wa kumfilisi mwanawe. Mama Mizani aliona anamkinga.

Siku moja mama akauliza, "Mwanangu, hii balbu haijachoka?"

Ikanunuliwa balbu nyingine, kali zaidi. Baadaye mama akaomba meza isogezwe dirishani. Ikasogezwa. Baadaye akawa hamalizi kurasa mchana, anabaki nazo mpaka jioni, pua inakaribia kugusa karatasi. Hadithi za punda zikapungua, kisha zikakoma. Mama Mizani alilaumu balbu. Siku hizi, alisema, hata balbu wanazitengeneza zife mapema ili ununue nyingine. Akawaka kweli kuhusu balbu.

Kisha siku moja alirudi jioni akamkuta mama amevaa kanga ya kulalia, meza haina kitu.

"Mhariri amepiga simu," mama alisema. "Kile kitabu kimetoka na makosa mengi. Walimu wamelalamika. Amesema kwa heshima kwamba nipumzike."

"Upumzike? Wewe?"

"Ana haki, mwanangu. Macho yamekwisha. Nilijua, nikawa najikaza tu." Akageuza uso ukutani. "Usiende kugombana na mtoto wa watu."

Lakini alikuwa anamwambia nani? Asubuhi yake Mama Mizani hakufungua bucha kwanza. Alikwenda kwenye kampuni ya vitabu na aproni yake, akapita mapokezi bila kusimama, akafungua mlango wa mhariri.

Mhariri, mwanamume mpole wa makamo aliyefundishwa kazi na mama huyohuyo, alisimama. "Karibu, dada. Shikamoo yangu kwa mama ilifika?"

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa! Mtu amewasomea vitabu vyenu mpaka nywele zimekuwa nyeupe, leo mnamtupa kwa simu? Hata kumwita mkamwangalia usoni mmeshindwa?"

"Dada, nilimtetea mpaka nikachoka. Lakini kitabu ndicho hiki." Alimfungulia. Makosa yalikuwa yamezungushiwa duara, ukurasa baada ya ukurasa. "Yeye hawezi kupitwa na haya. Mimi mwenyewe sikuamini."

"Basi ni nyinyi! Alisahihisha, wapanga kurasa wenu hawakuingiza. Lete karatasi zake tuone."

Mhariri aliona ni haki. Alikwenda mwenyewe chumba cha nyuma, kule ambako karatasi za mama zilipelekwa moja kwa moja kwa wapanga kurasa, akarudi na fungu zima akaliweka mezani. Wakaanza kulinganisha. Hakukuwa na alama nyekundu mahali penye makosa. Mama Mizani alifungua karatasi moja, ya pili, ya tatu, akitafuta mtu wa kumlaumu.

Mhariri aliacha kulinganisha. Alichukua karatasi moja, akaipeleka dirishani, akavaa miwani, akaivua.

"Dada," alisema polepole, "mama alikuwa anasomea hizi?"

"Ndizo."

"Mimi hapa sioni kama hii ni nukta au mkato."

Mama Mizani alizitazama. Mchana kweupe, mezani kwa mtu mwingine, karibu na kitabu chenye maandishi meusi, zile karatasi zilikuwa kama zimelowekwa zikaanikwa. Herufi zilikuwa kubwa kweli, lakini zilikuwa vivuli. Akaikumbuka balbu. Akaikumbuka meza iliyosogezwa. Akakaa kwenye kiti ambacho hakuna aliyemkaribisha.

"Ni mimi," alisema. "Nilikuwa nabana wino."

Mhariri hakumkemea. Alisema tu kwamba kitabu kitachapwa upya kikiwa kimesahihishwa, na kama mama anaweza kukisoma, kazi ni yake. "Na kuhusu haya," akaongeza, "mimi sitamwambia kitu. Ni ya nyumbani kwenu."

Kutoka pale alikwenda duka la mashine, duka jingine, si lile. Muuzaji alimkimbilia na printa ya rangi iliyovikwa utepe.

"Hii iko kwenye—"

"Ukisema ofa natoka. Nani amekuuliza bei ya mashine? Nionyeshe wino wake kwanza. Unauzwaje, unachapa kurasa ngapi za maandishi yaliyojaa, na ukiisha najaza au natupa? Na ikikosa rangi moja itanigomea?"

Muuzaji alirudisha ile yenye utepe mahali pake. Akamwonyesha printa ya tangi, unayomimina wino kwa chupa, na pembeni yake nyingine ya leza, nyeusi tupu, isiyojua rangi wala njano, inayotumia unga uitwao tona ambao fundi anaweza kuujaza tena. Hii ilikuwa ghali kuliko ile ya kaka mtu, mara kadhaa. Mama Mizani alipiga hesabu ya kila ukurasa kwenye simu yake, akaona kwamba kwa maandishi yale meusi ile ya leza ingemrudishia pesa kabla mwaka haujaisha. Ingekuwa hivyo tangu mwanzo, kama kuna mtu angeuliza. Alitoa mkobani karatasi moja ya mama, kijivu, aliyotoka nayo kwa mhariri, akadai ukurasa huohuo uchapwe upya palepale kutoka barua pepe ya simu yake, herufi za ukubwa uleule.

"Na hii pia ina kuokoa wino," alisema muuzaji kwa furaha. "Nikuwashie?"

"Ukiwasha, mimi na wewe tutajuana."

Ukurasa ukatoka una joto, mweusi tii. Aliushika, akaulinganisha na ule wa zamani, na akaona aibu mbele ya muuzaji ambaye hakujua lolote. Akalipa.

Mama alikuwa kwenye kiti chake. Hakuuliza boksi ni la nini. Mama Mizani aliiunganisha ile mashine, akachapa ukurasa wa kwanza wa kile kitabu kilicholeta balaa, akampelekea.

"Mama, hebu soma kidogo."

"Nisome nini mimi tena, mwanangu."

"Soma tu."

Mama aliupokea ukurasa kwa kumridhisha, akauinua hadi puani kama alivyozoea siku zile. Akausogeza mbali kidogo. Akausogeza mbali zaidi, mpaka mkono ukanyooka. Akaanza kusoma kwa sauti, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, bila kukwama. Kwenye wa nne alikuta kosa, na vidole vyake vikapapasa mapajani vikitafuta kalamu.

"Yamerudi," alisema. Machozi yalimtoka. "Macho yangu yamerudi! Daktari alisema hayarudi. Ee Mungu wangu, njoo uone, mwanangu, nasoma!"

Akamshika mikono yote miwili, akaibusu. Mama Mizani alisimama pale, akijua kwamba anaweza kunyamaza. Mhariri hatasema. Mama angemshukuru Mungu mpaka siku ya kufa, angewasimulia majirani, na nyumba ingekuwa na furaha.

"Mama, macho hayajarudi," alisema. "Hayakwenda kokote. Mimi ndiye niliyepunguza wino."

Akamweleza yote, bei, njano, mizani ya sonara, ile alama ya vema. Alieleza haraka, na hata katikati ya kueleza hasira ya zile katriji ilimpanda tena, akaanza kuwasema wale watu na maboksi yao ya hewa.

"Waache," mama alisema. "Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Ungekataa kazi."

"Ningeikataa kwa mdomo wangu."

Mama aliachia mikono ya binti yake. Sauti yake haikupanda, lakini Mama Mizani hakuwahi kuisikia ikiwa vile, hata alipokuwa mtoto mtundu.

"Unajua ukiwa buchani mimi nilikuwa nafanya nini humu ndani? Nilikuwa nafumba macho natembea. Kutoka kitandani mpaka bafuni, kutoka bafuni mpaka jikoni. Najifunza sufuria iko wapi, jiko liko wapi, nisije nikajiunguza. Nilikuwa najifunza upofu, mwanangu, ili nisikusumbue. Nilianguka mara mbili nikakuficha. Na wewe ulikuwa kwa sonara, unapima wino."

Mama Mizani alinyoosha mkono amguse mama begani, mama akausogeza pembeni.

"Kachape kitabu chote," mama alisema. "Nataka kuyaona yote niliyopitwa nayo."

Alipiga magoti, akatia karatasi kwenye mashine. Nyuma yake alisikia mama akiinuka kitini, akivuta droo moja baada ya nyingine, akitafuta kalamu yake mwenyewe, na hakuthubutu kugeuka kumsaidia.